Kampeni ya Kwanza ya Upanga na Uchawi: Mchezo Unapokwama, Chanzo Chake na Tiba Yake

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kampeni ni hadithi moja inayoendelea kwa vikao vingi: kila mchezaji anaongoza mhusika wake, na mwendesha mchezo anaeleza ulimwengu na kuwaigiza wengine wote. Kampeni ya kwanza ya upanga na uchawi mara nyingi hukwama mahali ambapo mwendesha mchezo hakupatazamia. Amechora ramani, amesoma kitabu cha kanuni mpaka usiku wa manane, amebuni mazimwi ya kutisha, lakini kufikia kikao cha tatu wachezaji wanatazamana, simu zinatoka mifukoni, na hakuna anayeweza kusema tatizo limeanzia wapi. Mwongozo huu unaanza na kile kinachoonekana mezani, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo, kwa sababu dalili moja huweza kuletwa na mambo mawili au matatu tofauti, na tiba ya chanzo kimoja huweza kuzidisha kingine.

Lipo jambo moja la kulishika kabla ya mengine yote. Mkondo huu wa hadithi, yaani upanga na uchawi, hauwahusu mashujaa wateule wanaookoa ulimwengu. Mhusika wake ni mwizi, askari wa kukodiwa, nahodha aliyepoteza chombo, au mwanafunzi wa uchawi aliyemtoroka mwalimu wake; anatafuta pesa, kisasi, au njia ya kutoka mjini kabla hajakamatwa. Uchawi ni adimu na una uchafu wake, na miungu, kama ipo, haina huruma. Matatizo mengi yaliyoelezwa hapa chini hutokea pale mwendesha anapouendesha mkondo huu kwa mazoea ya ule mwingine wa mashujaa wateule: anaandaa wito wa kishujaa, wakati wahusika walioketi mbele yake wana njaa na hawana sababu ya kuuitikia.

Wachezaji wanangoja kuambiwa la kufanya

Umeeleza bandari, umeeleza harufu ya lami na kelele za wachukuzi, ukauliza, "Mnafanya nini?" Jibu ni kimya, au swali la kukurudishia: "Tunatakiwa twende wapi?"

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni karatasi za wahusika. Karatasi hueleza mhusika anaweza nini, lakini haielezi anataka nini. Kabla ya kikao kinachofuata, muulize kila mchezaji maswali matatu na usikubali majibu ya jumla: Nani anakudai, na atafanya nini usipomlipa? Ni kitu gani ungekiiba leo hii kama ungejua kilipo? Ni mji gani huwezi kurudi, na ulifanya nini huko? Mchezaji akijibu kwamba mhusika wake anataka utajiri, endelea kumhoji mpaka aseme kitu kinachoshikika, kwa mfano kwamba anataka jahazi la mjomba wake lililonyang'anywa na mkuu wa forodha. Jibu la namna hiyo limekupa mahali, adui na lengo kwa mara moja, nawe hujaandika hata mstari mmoja.

Kama wahusika wana matamanio yao na kimya bado kipo, basi huenda wachezaji hawana taarifa za kutosha kuamua. Uvumi kwamba "kuna mambo ya ajabu huko kaskazini" haumsaidii mtu yeyote kuchagua. Uvumi unaofaa hutaja kitu, mahali alipo mwenye nacho, na hatari inayojulikana: mnajimu wa mji ana kinyago cha shaba ambacho watawala watatu wamekitaka, kinakaa katika nyumba yake kilimani, na wezi wawili waliojaribu kukichukua walipatikana wakiwa hai ila hawana kumbukumbu ya majina yao. Toa taarifa mbili au tatu za aina hiyo, uziache wazi, na mwisho wa kikao uliza kundi litafuata ipi. Hapo utakuwa umejua cha kutayarisha.

Wakati mwingine chanzo ni haya tu ya wageni wa mchezo. Mtazame mchezaji mmoja, mwite kwa jina la mhusika wake, na umwekee mbele jambo lisilosubiri. Ndiyo maana ni vema kikao cha kwanza kabisa kianze katikati ya shughuli: wahusika wako juu ya paa la ghala, kamba imeshafungwa, na mlinzi waliyemhonga amebadilishwa zamu.

Maandalizi ya saa nyingi yanaishia kutotumika

Umeandaa mtaro wa maji machafu wenye mitego saba, na wachezaji wameamua kugonga mlango wa mbele wakijifanya wauza vitabu. Wapo waendesha mchezo ambao hapo hutafuta ujanja wa kuwarudisha mtaroni: mlango umefungwa, mtumishi ni mkali, mvua inanyesha. Wachezaji wanaligundua hilo upesi kuliko unavyodhani, na wakishaligundua huacha kubuni mipango. Yale maradhi ya kimya yaliyotajwa juu huanza hivyo.

Tatizo hapa ni kutayarisha mfululizo wa matukio badala ya hali. Kwa nyumba ya mnajimu, ukurasa mmoja unatosha, ilimradi uwe na mambo yanayoweza kujibu mpango wowote. Andika nani yumo ndani na kila mmoja anataka nini: mpishi anataka kuolewa na kuondoka, mkuu wa walinzi analipwa na watu wawili, na mnajimu anangoja usiku ambao nyota fulani itasimama juu ya dari. Andika njia tatu za kuingia bila kuamua ipi itumike. Andika kitakachotokea kama hakuna atakayeingilia kati: siku ya kwanza mnajimu anafukuza watumishi, siku ya pili mbwa wote wa mtaani wanaondoka, siku ya tatu anakivaa kinyago. Sasa wauza vitabu wakigonga, unajua nani atafungua, kwa nini atasikiliza, na siku ngapi zimebaki. Mtaro wako usiutupe. Ukishaondolewa jina la mahali utafaa chini ya hekalu lolote.

Ubaya wa tiba hii ni kwamba mwendesha mgeni huona ukurasa mmoja ni uvivu na kuongeza kurasa kumi za historia ya mji. Historia ya mji iandike ukipenda, lakini usiihesabu kama maandalizi, kwa kuwa mezani haitakujibia swali lolote.

Uchunguzi unakwama, au dadu zinaonekana kusaliti kundi

Dalili hizi mbili nimeziweka pamoja kwa sababu kwa kawaida zinatoka shina moja, yaani dadu, ambazo huamua kama jaribio la mhusika limefaulu, kutupwa mahali pasipostahili.

Uchunguzi hukwama pale taarifa ya lazima inapofichwa nyuma ya mtupo mmoja. Kundi likikosa kuona barua chini ya zulia, hadithi nzima inasimama. Kwa kila jambo ambalo wachezaji lazima walijue ili waendelee, weka alama tatu zinazoelekeza kwake, katika sehemu tatu tofauti, na walau moja ionekane bila kutupa dadu. Pale unapopenda dadu itumike, itumie kuamua gharama: barua wataipata, lakini mtupo mbaya una maana kwamba wameipata baada ya hatua za mtu kusikika ngazini.

Kuhusu usaliti wa dadu, piga hesabu. Wahusika wanne wananyata nyuma ya walinzi, na kila mmoja anahitaji kupata 8 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani ana nafasi ya asilimia 65. Hilo linaonekana ni ukarimu. Hata hivyo, ikiwa kosa la mmoja linawafichua wote, nafasi ya kundi kupita salama ni takriban asilimia 18 tu. Wachezaji hawatapiga hesabu hiyo, ila baada ya vikao viwili watakuwa wamejifunza kwamba kunyata hakulipi, na tangu hapo kila mlango utavunjwa kwa shoka. Wanapotafuta kitu, hesabu hiyohiyo hugeuka: kama kila mmoja ana nafasi ya asilimia 35 ya kuuona mlango wa siri na wote wanne wakaruhusiwa kutupa, nafasi ya angalau mmoja kuuona inafika asilimia 82, hivyo siri hiyo haikuwa siri.

Kwa kunyata, chukua mtupo mmoja kwa niaba ya kundi, au uhesabu kwamba limefaulu ikiwa nusu yao au zaidi wamefaulu. Kwa kutafuta, mmoja atupe, na jaribio la pili ligharimu muda ambao walinzi wanautumia vizuri. Na kama kushindwa hakuleti lolote isipokuwa kurudia kutupa, usitupishe dadu kabisa. Mwambie tu mchezaji kwamba kufuli limefunguka.

Mapambano ni marefu mno, au mafupi mno

Hapa ndipo lawama nyingi hutupiwa kanuni, na mara nyingi kanuni hazina hatia.

Chukua wahusika wanne, kila mmoja akipiga mara 6 kati ya 10 na kuumiza kwa wastani wa pointi 7. Kwa raundi moja, yaani kila mmoja akishapata zamu yake, kundi linaondoa karibu pointi 17. Zimwi lako kuu lenye pointi 50 za uhai litakufa katika raundi tatu, na ndani ya raundi hizo litakuwa limepiga mara tatu tu, huenda mbili zikampata mtu. Ulilitayarisha kwa wiki nzima, nalo limeanguka kabla hujamaliza kueleza meno yake. Kuliongezea pointi za uhai ndiyo tiba inayomjia kila mtu kwanza, nayo ni mbaya, kwa sababu raundi zinaongezeka na hatari inabaki ileile. Kinachokosekana ni zamu. Acha zimwi litende baada ya kila wahusika wawili, ulipatie watumishi wachache, na uliweke mahali panapolisaidia: daraja linalooza, ukumbi uliojaa moshi wa ubani, kisima chenye kitu kingine ndani yake.

Sasa geuza hali. Majambazi kumi wenye pointi 15 kila mmoja wana jumla ya pointi 150, ambazo kwa kasi ileile zinahitaji raundi tisa, na zaidi ukizingatia mapigo yanayozidi kiasi kinachohitajika. Kila zamu ikichukua dakika moja tu, pambano hilo linamaliza zaidi ya saa moja, na raundi tatu za mwisho kila mtu anajua nani ameshinda. Dawa yake ni ya zamani. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa aina hii, za mwaka 1981 zilimpa kila adui alama ya ujasiri kati ya 2 na 12: mwenzao wa kwanza anapouawa, na tena nusu yao wanapokuwa wameanguka, mwendesha hutupa dadu mbili za pande 6, na jumla ikizidi alama hiyo wanavunjika moyo. Majambazi wenye alama 7 wana nafasi ya karibu theluthi mbili ya kukimbia au kusalimu amri kabla ya nusu ya pili ya pambano kuanza. Kanuni hiyo inapachikika kwenye mfumo wowote bila kubadilisha kingine, na inauletea mchezo jambo ambalo mkondo huu unalihitaji sana, yaani mateka anayebembeleza maisha yake kwa kuuza siri za bwana wake.

Dalili ya tatu ya mapambano ni kundi zima kuangamia. Kabla ya kupunguza nguvu za maadui, jiulize kama wachezaji walijua kwamba wanaruhusiwa kukimbia. Wengi hawajui, wamezoea michezo ambayo kila adui aliyewekwa mbele yao amepimwa ili washinde. Watangazie hivyo waziwazi kabla ya kikao, kisha uonyeshe hatari kabla haijafika: askari mwenye silaha bora kuliko zao amebandikwa ukutani, na mkuki uliombandika umepenya ngao yake. Wakiamua kukimbia, usiwatupishe dadu nne kila mmoja. Waambie gharama ni nini, kwa mfano kuiacha hazina waliyoibeba, na waache waondoke.

Uchawi umegeuka vifaa vya kazi

Mchawi wa kundi anawasha taa kwa uchawi, anafungua milango kwa uchawi, anaponya majeraha kwa uchawi, na hakuna anayeshtuka. Adui mchawi naye anapotokea, anarusha moto uleule ambao mwenzao huutumia kuchomea kuni.

Chanzo kwa kawaida ni mfumo wa kanuni uliochaguliwa. Mifumo mingi maarufu imeundwa kwa ajili ya hadithi za kishujaa, ambamo afsuni, yaani maneno ya uchawi, hugawiwa kama posho ya kila siku. Si lazima uutupe mfumo huo. Kubalianeni kabla ya kampeni ni afsuni zipi hazipo kabisa (ningeanza kwa kuondoa zile za kufufua wafu, kusafiri papo hapo na kuumba chakula, kwa kuwa zinaondoa njaa, umbali na kifo kwa mpigo), kisha uchawi unaobaki uwe na bei. Njia rahisi ni hii: kila afsuni kubwa inapotamkwa, mchezaji atupe dadu moja ya pande 6, na akipata 1 kuna kitu kimesikia. Nafasi ni moja kati ya sita, lakini mchawi anayetamka afsuni tano katika kikao ana nafasi ya karibu asilimia 60 ya kusikiwa walau mara moja, na kiwango hicho kinatosha kumfanya ajiulize kabla ya kuwasha taa.

Mambo mawili huharibu tiba hii. La kwanza ni kuficha bei. Mchezaji asiyejua atalipa nini hana uamuzi wa kufanya, na kikimpata kitu baadaye ataona ameibiwa. Mwambie bei, kisha umwache ajiponze mwenyewe. La pili ni kupandisha bei bila kupandisha thamani, ambapo baada ya vikao vichache hakuna atakayetaka kucheza mchawi. Uchawi wa mkondo huu lazima utamanishe. Ukimwomba mhusika kumbukumbu ya sura ya mama yake, basi lango la mji lifunguke lote, siyo kitasa kimoja.

Kwa adui mchawi, achana na orodha ya kitabu. Mpe uwezo mmoja mkubwa na mpaka wake, na mpaka huo uweze kugunduliwa na mtu mwenye akili. Mnajimu wetu anaona kila kinachotendeka chini ya nyota. Wachezaji watashindwa mara mbili, wataanza kushangaa kwa nini watumishi wake hunong'ona siri zao stoo ya chini ya ardhi, na hapo mpango utazaliwa bila wewe kusema neno.

"Ndivyo mhusika wangu alivyo"

Mchezaji mmoja anawaibia wenzake, mwingine anaua kila mtu anayezungumza naye, na kila mara jibu ni kwamba mhusika wake ni mtu mbaya na mkondo wenyewe ni wa watu wabaya.

Tenganisha mambo. Ikiwa ugomvi ni baina ya wahusika, tiba yake haimo ndani ya hadithi. Kumpelekea mhusika huyo muuaji wa kukodiwa kunamwonyesha mchezaji kwamba vita vimekubaliwa. Zungumza naye akiwa nje ya mchezo, kisha kundi lote likubali sharti moja: ama wahusika hawadhuriani, ama anayelengwa ndiye anayeamua kama pigo limempata. Wezi wanaoaminiana wao kwa wao na kuwasaliti wengine wote ni msingi mzuri wa kampeni. Wezi wanaoibiana huishia kutumia vikao kulinda mifuko yao.

Ikiwa wanaua kila mtu, jichunguze mwenyewe kwanza. Hesabu wahusika watano wa mwisho unaowaigiza wewe mwenyewe ambao kundi liliwaamini. Kama wanne kati yao waligeuka wasaliti, wachezaji wamejifunza somo ulilowafundisha. Toa watu wanaotimiza ahadi: mfanya magendo ambaye hufika saa aliyosema, mpishi anayefungua mlango wa nyuma kweli. Baada ya muda usaliti mmoja utakuwa na uzito.

Jambo zito zaidi ni maudhui yenyewe. Mkondo huu umejaa kafara, utumwa na mateso, na si kila mmoja mezani ameketi ili kuyasikia. Kabla ya kikao cha kwanza, orodhesheni yale ambayo hayatatokea kamwe na yale ambayo yatatokea pembeni bila kuelezwa. Wekeni pia kadi yenye herufi X katikati ya meza, ambayo yeyote akiigusa tukio linarukwa bila kuulizwa sababu. Mwendesha anayeona hilo ni dogo ajue kwamba wachezaji wanaochukizwa hawalalamiki, huacha kuja.

Kampeni inakatika mtu asipofika, au inapooza wakishatajirika

Hadithi za mkondo huu zilikulia katika magazeti ya bei nafuu ya Marekani ya miaka ya 1930, na nyingi zilisomeka kila moja kivyake: shujaa aliyekuwa nahodha katika moja anaonekana mfungwa katika nyingine, bila msomaji kuelezwa alivyofika huko. Tumia ruhusa hiyo. Panga kila kikao kimalizike kundi likiwa limetoka magofuni na kurudi mahali salama, ili kinachofuata kiweze kuanza na yeyote aliyefika. Asiyekuja, mhusika wake amelala korokoroni kwa ulevi. Mhusika akifa katikati ya kikao, usimwache mchezaji akitazama wenzake kwa saa mbili: mateka waliyemkuta chumba kinachofuata ndiye mhusika wake mpya, na karatasi yake ulikuwa nayo tayari.

Utajiri nao una dawa yake. Toleo la kwanza la Dungeons & Dragons la mwaka 1974 liliwapa wahusika uzoefu, yaani pointi zinazowapandisha uwezo, kwa hazina waliyoitoa shimoni, na makundi mengi yameligeuza wazo hilo kidogo: uzoefu hupatikana pesa inapotumiwa, kwa anasa, sadaka, kamari au deni. Kanuni hiyo huwarudisha wahusika kwenye ukata kila baada ya ushindi, na hubuni matukio yenyewe. Andika orodha fupi ya balaa za baada ya karamu, mhusika atupe dadu kwa kila usiku wa matumizi makubwa, na ikitokea ameamka akiwa amemwahidi ndoa binti wa mkuu wa forodha, kikao kijacho kimeshapatikana.